Mbwa Wako wa Kuwindia Anapokufa Msimu wa Bata Ukiendelea: Mwongozo kwa Anayebaki

Kaniki alikufa Alhamisi moja ya katikati ya Oktoba, wiki tatu tu baada ya msimu wa bata kufunguliwa. Alikuwa Labrador jike, mweusi tii, na jina alilipata kwa nguo aliyokuwa akivaa bibi yangu shambani Pangani. Asubuhi hiyo aliogelea kama mita arobaini, akarudi na bata dume mdomoni, akanikabidhi mkononi, kisha akakaa. Hakujikung'uta maji. Nilidhani amechoka. Ilipofika saa nne asubuhi fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi, na jioni nikarudi nyumbani na kola yake mfukoni.

Naishi Minnesota, jimbo la maziwa, kaskazini mwa Marekani. Uwindaji wa bata nilifundishwa na mzee jirani yangu, na Kaniki alikuwa mtoto wa mbwa wake. Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu walioko huku, Minnesota, Wisconsin na majimbo ya Dakota, ambao wameingia katika uwindaji huu na kuupenda, na ambao siku moja watajikuta wanashika kamba isiyo na mbwa. Nilitafuta maneno ya lugha yangu kuhusu jambo hili nikayakosa.

Kuna kitu kinachoufanya msiba huu uwe tofauti na wa mbwa wa nyumbani tu. Msimu hausubiri. Huku kwetu ni siku 60, kuanzia mwishoni mwa Septemba, na kila siku sheria inakuruhusu kuanza kupiga nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Umeshalipia leseni. Umeshanunua ile stempu ya bata ya serikali kuu, kibali cha kuwinda ndege wa majini, dola 25, ambayo tangu mwaka 1934 fedha zake zinanunua na kuhifadhi vinamasi wanamozaliana ndege hawa. Marafiki wanakutegemea. Bata wanashuka kutoka Kanada na baridi. Kwa hiyo kila alfajiri unaulizwa swali lile lile: unaenda au huendi? Nimepanga hatua hizi kwa mfuatano wa shida zenyewe zinavyokuja.

1. Saa za kwanza: bunduki kwanza, mwili baadaye

Kama amekufia majini au kwenye maficho yenu, toa risasi kwenye bunduki kabla hujamgusa. Mikono yako itatetemeka hata kama hujioni unatetemeka. Waambie wenzako nao watoe zao. Baada ya hapo mvue fulana yake ya kuogelea, mfunge kwenye turubai au blanketi, na mbebeni watu wawili, kila mmoja ashike ncha. Mbwa wa kilo thelathini ni mzito kuliko unavyokumbuka, na kumburuta kwenye tope ni picha itakayokurudia.

Mlaze akiwa amejikunja kama alivyozoea kulala. Baada ya saa chache mwili hukakamaa, na ukikakamaa ukiwa umenyooka haukai vizuri garini wala kaburini.

Kama amefia kwa daktari wa mifugo kwa sindano ya mwisho, kuna jambo moja ambalo ni lazima ulijue. Dawa inayotumika mara nyingi ni pentobarbitali, nayo hubaki mwilini baada ya mnyama kufa. Mbweha, mbwa mwingine au tai akifukua na kula, naye anaweza kufa. Tai wenye kichwa cheupe, hao hao wanaokaa juu ya ziwa unalowindia, wamewahi kufa kwa namna hiyo. Kwa hiyo usimwache porini ukidhani unamrudisha kwenye asili. Ama mzike kwenye shimo refu, ama achomwe upewe majivu.

Kuzika: iwe ardhi yako au ya mtu aliyekuruhusu, mbali na kisima na ziwa, na juu yake pawe na udongo wa karibu mita moja. Ofisi ya kaunti itakuambia kama sheria ya eneo lako ina masharti zaidi. Oktoba jembe bado linaingia. Ukifika Desemba, ardhi ya Minnesota imeganda, na watu wengi huishia kuchoma hata kama hawakupenda. Daktari wa mifugo anaweza kukuhifadhia mwili kwenye jokofu siku kadhaa. Omba, huna haja ya kuamua ukiwa umesimama kwenye meza yao.

Kuchoma: kuna namna mbili. Mbwa wako achomwe peke yake, au achomwe pamoja na wengine. Ile ya pili ni nafuu, lakini hurudishiwi majivu yake. Uliza kwa mdomo wako, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Kabla hajaondoka, kata nywele kidogo. Mimi nilikata za mkiani, kwa sababu ule mkia ndio uliokuwa ukinipiga miguuni kila bata walipozunguka. Na kama nyumbani kuna mbwa mwingine, mwache amnuse. Asipomnusa anaweza kukaa siku nyingi mlangoni akimngoja.

2. Usiku huo

Funga bunduki kabatini na ufunguo mpe mtu mwingine akae nao siku mbili tatu. Usinywe pombe ukiwa peke yako. Majonzi ya ghafla, usiku mrefu na silaha ndani ya nyumba ni vitu ambavyo havipaswi kukaa pamoja, hata kwa mtu aliye timamu kabisa. Nilimpa mume wangu ufunguo bila maelezo, naye aliupokea bila kuuliza. Kama mawazo yanaanza kukupeleka mahali pabaya, huku Marekani piga 988, saa yoyote. Hiyo ni namba ya msaada kwa mtu aliyefikia ukomo. Kuna pia vyuo vya tiba ya mifugo vyenye huduma ya simu kwa waliofiwa na wanyama wao, kile cha Cornell kule New York kikiwa kimojawapo, na anayepokea hatakuuliza kwa nini unamlilia mbwa.

3. Kuwaambia watu

Watoto waambie siku hiyo hiyo, na utumie neno lenyewe: amekufa. Usiseme amelala, maana mtoto wa miaka minne ataogopa kulala. Usiseme amesafiri, maana atangoja. Wangu waliuliza kama Kaniki ana baridi huko aliko. Nikawajibu kwamba mwili uliokufa hausikii baridi. Wakauliza tena kesho yake, nikajibu vile vile.

Wenzako wa kuwinda watumie ujumbe mfupi kabla hamjakutana. Usipofanya hivyo, mtu atakuuliza gizani, saa kumi na moja alfajiri, mkiwa mnashusha boti: "Yuko wapi leo?" Na wewe hutakuwa na jibu.

Nyumbani Afrika ndiko kugumu. Nilimpigia mama siku ya pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekwenda hivyo? Kuna msiba?"

"Mbwa wangu, mama. Kaniki amekufa."

Akanyamaza. Nikasikia jogoo wa jirani yake kule Pangani. "Mbwa?" akauliza. "Mwanangu, yote hayo unamlilia mbwa?"

Nilikuwa karibu kukata simu. Badala yake nikamweleza kazi ya Kaniki. Kwamba miaka tisa tuliamka pamoja saa kumi alfajiri. Kwamba alimsaka bata aliyejeruhiwa kwenye matete ambayo mtu hawezi kupita, akarudi naye akiwa mzima mdomoni, bila kumtoboa ngozi. Kwamba mwaka mmoja nilizama kwenye tope hadi kiunoni nikashika mpini wa fulana yake, akavuta mpaka nikapata pa kukanyaga. Mama akasikiliza yote. Kisha akasema, "Pole mwanangu. Mliyefanya naye kazi miaka tisa, huwezi kuacha kumlilia."

Hilo ndilo funzo langu kwako: usianze na machozi, anza na kazi. Watu wetu wengi hawajawahi kuishi na mbwa chumbani. Pwani, ambako wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichoramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mtu aliyelelewa hivyo akishangaa kilio chako hajakosa huruma. Lakini mafundisho hayo hayo yanamtambua mbwa wa msasi. Aya ya 4 ya Suratul Maida inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofundishwa, na Suratul Kahf inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni. Sikumtajia mama aya hizo ili nimshinde kwa hoja. Nakutajia wewe, ili usijione umetoka nje ya kwenu kwa sababu ya kumpenda mnyama aliyekufanyia kazi.

Huzuni ambayo jamii haikupi nafasi ya kuionyesha ina jina katika elimu ya nafsi. Mmarekani Kenneth Doka alianza kuiandikia kwa upana mwaka 1989. Kilichonisaidia katika maandiko ya namna hiyo ni jambo moja tu: kwamba ugumu wake hautokani na udogo wa kilichokufa, unatokana na kukosa watu wa kukaa nao matanga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mtafute hata mmoja anayekijua hicho kitanda. Kwangu alikuwa yule mzee jirani. Alikuja na chupa ya kahawa, akakaa barazani saa nzima, akazungumzia mbwa wake watano waliokufa, mmoja baada ya mwingine, kwa majina.

4. Hatia: ipeleke kwa daktari

Siku ya tatu au ya nne utaanza kujishtaki. Ningeona. Ningemrudisha mapema. Nisingempeleka kabisa. Mimi nilikuwa narudia ile dakika aliyokaa bila kujikung'uta maji, mpaka nikashindwa kula.

Mpigie daktari uombe dakika kumi, na uwe na karatasi. Uliza maswali matatu. Nini hasa kilimuua? Kulikuwa na dalili ambayo mtu asiye daktari angeiona? Kama ningemleta siku moja kabla, ingebadilisha nini? Andika majibu kwa maneno yake, na tarehe juu.

Kaniki alikuwa na saratani ya mishipa ya damu kwenye wengu. Huwapata sana mbwa wakubwa wa umri wa kati na wazee, nayo hukua kimya hadi uvimbe unapopasuka na damu kumwagikia tumboni. Fizi nyeupe, unyonge wa ghafla, tumbo kujaa: mara nyingi ukiziona dalili hizo, tayari ni siku ya mwisho. Ile karatasi niliikunja nikaiweka kwenye pochi. Nilipoanza kujishtaki usiku, niliisoma.

Inawezekana pia daktari akakuambia ukweli mchungu, kwamba kosa lilikuwa lako. Baridi inaua mbwa: hutetemeka, kisha hupepesuka, na kutetemeka kukikoma naye bado ni wa baridi, hali imekuwa mbaya. Joto la Septemba nalo linaua, kwa mbwa mnene anayekimbizwa mchana. Kama ni hivyo, mtafute mtu mmoja umsimulie kisa chote tangu mwanzo, bila kujitetea. Kisha andika kitu kimoja utakachokifanya tofauti kwa mbwa wa baadaye. Msamaha wa namna hii hauji kwa kuambiwa "usijali."

5. Saa kumi alfajiri

Mwili wako hautajua kwamba amekufa. Utaamka saa ile ile na kunyoosha mkono sakafuni. Hii ndiyo sehemu niliyoiona mbaya kuliko zote, mbaya kuliko sindano.

Usibaki kitandani ukitazama dari. Amka, vaa, fanya kitu kimoja chenye mwisho. Nilikuwa nikitengeneza kamba za bata bandia, wale wa kuelea majini kuwavuta bata wa kweli, moja kila alfajiri: nafungua fundo, naosha uzito wa madini ya risasi unaoshikilia chini, nafunga tena. Siku ya kumi na mbili kamba zote zilikuwa mpya na nilikuwa nimeanza kulala hadi saa kumi na moja.

Vitu vyake usiviondoe vyote kwa siku moja, na usimruhusu mtu mwingine akuondolee kwa nia njema ukiwa kazini. Bakuli niliosha nikaliweka juu ya kabati. Kreti yake niliiacha kwenye gari mpaka msimu ulipoisha, kwa sababu nyuma ya gari kukiwa kutupu nilishindwa kuendesha. Fulana usiifue. Iweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungika vizuri. Harufu ya matope, maji na mbwa itakaa humo miezi mingi, na ipo siku utaitaka. Kipenga kitoe shingoni. Nilijaribu kuwinda nacho kikiwa shingoni, na kila nilipoinama kilinigonga kifuani.

6. Kwenda au kutokwenda

Watakuambia rudi haraka, ndivyo Kaniki angetaka. Sikubaliani nao. Mbwa hakuacha wosia. Wengine watakuambia heshima ni kufunga msimu. Sikubaliani na hao pia, kama kukaa nyumbani kunakuongezea giza. Ushauri wangu ni huu: nenda mara moja bila bunduki, kisha ndipo uamue.

Nilikwenda siku ya tisa. Nilikaa kwenye maficho yetu kuanzia gizani hadi jua lilipopanda, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Bata wa kwanza waliposhuka, nikageuza kichwa kushoto kumwangalia. Pale palikuwa na nyasi tu, zilizolala kwa umbo lake. Nililia kwa sauti, ziwa zima likasikia, na hakuna aliyekuja kuniuliza kitu. Kama kilio hicho kingenipata nikiwa na bunduki iliyojazwa mikononi, ningekuwa hatari kwangu na kwa wenzangu. Ndiyo maana nasisitiza siku ya kwanza iwe bila silaha.

Ukiamua kuendelea kuwinda bila mbwa, elewa kwamba huwezi kuwinda kwa namna ile ile. Sheria ya nchi inakutaka ufanye juhudi ya kweli kumtafuta kila ndege uliyemwangusha, na mbwa ndiye aliyekuwa juhudi yako. Bila yeye, bata wengi zaidi watapotea wakiwa wamejeruhiwa, isipokuwa ubadilishe mambo kadhaa.

Mahali. Acha yale matete mazito mliyoyapenda. Bata aliyejeruhiwa akiingia humo ameshakushinda. Tafuta maji ya wazi, ya kina cha magotini, yenye sakafu ngumu uliyoipima kwa fimbo mchana.

Upepo. Kaa ufukwe ambao upepo unakuja kwako kutoka majini, ili bata aliyeanguka aletwe na mawimbi. Hii inakwenda kinyume na kanuni mliyoizoea, kwa sababu bata hutua wakielekea upepo, na upepo ukikujia usoni watakuja kutokea mgongoni kwako. Utapiga wachache. Upepo wa ubavuni ni suluhu ya kati: jipange upepo uwe unakuvuka kutoka kulia au kushoto, na ufukwe mwingine uwe karibu wa kuwapokea.

Umbali. Marisau ya madini ya risasi yalipigwa marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na marisau ya chuma hupoteza nguvu haraka zaidi hewani. Ukiwa na mbwa ulijaribu mita arobaini. Sasa iwe ishirini na tano, na bata awe juu ya maji ya wazi.

Idadi. Sheria inaruhusu bunduki kubeba risasi tatu tu. Ya kwanza ni ya bata mmoja uliyemchagua. Ya pili ni ya kummaliza papo hapo akiwa bado anaogelea. Usipige wawili. Akianguka, usiondoe macho pale alipoangukia: chagua mti ng'ambo ulionyooka naye, mwonyeshe mwenzako kwa kidole, kisha mwende. Kikomo cha siku ni bata sita, lakini msimu ule mimi nilijiwekea wawili.

Maji. Hapa naomba unisikie vizuri. Kaniki aliingia kwenye maji ya barafu kwa niaba yangu miaka tisa. Ukimwona bata anaelea mita thelathini na huna mbwa, kitu ndani yako kitakuambia uingie. Usiingie kwa miguu mahali ambapo hujapima. Suruali ya mpira ikijaa maji ya Novemba, dakika chache zinatosha kukumaliza. Uwe na boti ndogo au mtumbwi wa kasia, jaketi la kujiokolea likiwa limevaliwa, si limekaliwa, na wavu wenye mpini mrefu. Kama upepo ni mkali kiasi kwamba mtumbwi hauendi, basi siku hiyo si ya kupiga.

7. Mbwa wa mwenzako

Utaalikwa. Rafiki atasema, njoo, huyu wangu atatuokotea sote. Kubali, lakini si wiki ya kwanza, na mwambie rafiki mapema kwamba unaweza kuondoka katikati. Usimwamrishe mbwa wake. Kila mbwa ana mkono mmoja anaoutazama, na wewe ukipaza sauti utamchanganya. Usimlinganishe kwa sauti na wako pia. Msasi hapendi kuambiwa mbwa wa mwingine alikuwa bora, hata kama ni kweli.

Mbwa wa jirani yangu, kaka yake Kaniki wa tumbo moja, aliniletea bata badala ya kumpelekea mwenyewe. Mzee hakumkemea. Alitazama upande mwingine mpaka nilipompokea.

8. Bata wa mwisho

Yule bata dume wa Alhamisi, aliyekuwa na ukanda mweupe mdomoni, alikaa kwenye jokofu wiki tano. Kama unaye kama huyo, usimgandishe milele na usimtupe. Mpike.

Mtoe usiku uliotangulia ayeyuke taratibu. Pitisha vidole kwenye nyama yote utafute marisau, na manyoya yaliyosukumwa ndani na risasi. Chuma kinavunja jino. Mkate vipande, mpake ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, mwache akae hivyo kwa saa mbili. Bata wa mwituni hana mafuta ya bata wa kufuga, kwa hiyo mchemshe kwa moto mdogo hadi alainike, kisha ndipo utie tui la nazi, zito, na pilipili nzima moja isiyopasuka. Hapa tui la kopo linatosha. Tulimla kwa wali, sisi wanne na mzee jirani. Kabla ya kula, mtoto wangu mkubwa alisema ni nani aliyemleta bata huyo mezani. Hatukupanga asemwe. Kama una watoto, waache wafanye la kwao.

9. Swali la mtoto wa mbwa

Litakuja ndani ya wiki ya kwanza. Jibu "bado," na hudaiwi sababu.

Ukiwa tayari, hesabu nyuma kutoka msimu. Mtoto wa mbwa huchukuliwa akiwa na wiki nane hivi. Ukimchukua Aprili, msimu ukifunguliwa atakuwa na miezi saba: wa kuzoeshwa milio na maji ya uvuguvugu, si wa kufanya kazi ya mbwa wa miaka tisa. Mbwa aliyekamilika huchukua kama miaka miwili. Mtu anayechukua mtoto wa mbwa Novemba ili azibe pengo la Novemba atamkasirikia bure, na mbwa atajua.

Kwa Labrador, mwombe mwenye mama majibu ya vipimo vya nyonga, viwiko na macho vya wazazi wote wawili, pamoja na kipimo cha ule ugonjwa wa kurithi wa kuishiwa nguvu ghafla baada ya mbio kali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa mstari wa mbele kuitambua jeni yake, na sasa kipimo chake ni cha kawaida. Saratani ya wengu haina kipimo cha hivyo, kwa hiyo usimtafute mfugaji atakayekuahidi kwamba haitatokea tena.

Mpe jina lake mwenyewe. Waswahili tunasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia; huyo mpya atakuwa kama utakavyomlea wewe, na hataweza kuwa Kaniki kwa kuitwa Kaniki.

10. Majivu

Niliyapokea kwenye kopo dogo, mazito kuliko nilivyotarajia. Usiyamwage msimuni, maficho yakiwa na watu na wewe ukiwa na haraka ya kuwahi bata. Ngoja. Barafu ya maziwa yetu huondoka kati ya mwishoni mwa Machi na Mei, kutegemea uko kusini au kaskazini, na wiki hiyo hiyo bata hurudi wakielekea kaskazini, hakuna anayewapiga.

Omba ruhusa kwa mwenye ardhi, au kwa ofisi inayosimamia hifadhi kama ni ya umma. Usiyarundike chini ya mti mmoja, maana yana chumvi nyingi na yanaunguza mizizi; yatawanye kidogo kidogo, mahali papana. Nenda na watu wachache. Simama upepo ukiwa mgongoni, na mkono uwe chini, karibu na maji. Beba chupa ya maji ya kunawa na kitambaa cha kila mmoja, kwa sababu majivu hunata kwenye vidole vyenye unyevu, na watoto watataka kushika nao.